Maneno ya chuki kwenye simu zetu: mlinzi asinyamaze



Wapendwa wasomaji, leo Mama Kanisa anaadhimisha Dominika ya 23 ya Mwaka A, na masomo yetu matatu yanakutana mahali pamoja. Nabii Ezekieli (33:7-9) anaambiwa na Mungu kwamba amewekwa kuwa mlinzi wa nyumba ya Israeli. Akimwona mwovu anaelekea shimoni naye akanyamaza, mwovu atakufa kwa dhambi yake, lakini damu yake itadaiwa kwa mlinzi. Mtume Paulo anawaeleza Warumi (13:8-10) kwamba deni ambalo Mkristo hamalizi kulilipa ni upendo, kwa kuwa mwenye upendo hamtendei jirani yake ubaya. Naye Bwana wetu katika Injili ya Mathayo (18:15-20) anatupa utaratibu wa kumrudisha ndugu aliyekosa: kwanza ninyi wawili peke yenu, kisha pamoja na shahidi mmoja au wawili, na mwisho Kanisa.

Masomo haya tumeyazoea. Tukiyasikia tunawafikiria ndugu wa ukoo waliogombea shamba, au wanakwaya wawili wasiosalimiana. Leo napenda tuyapeleke mahali ambapo wengi wetu tunakaa saa nyingi kuliko kanisani, yaani kwenye simu. Kule kuna kundi la jumuiya, kundi la kwaya, kundi la WAWATA, kundi la ukoo na kundi la tuliosoma pamoja. Katikati ya matangazo ya misa na michango ya misiba huingia ujumbe unaosema kwamba kabila fulani ni wezi kwa kuzaliwa, kwamba waumini wa dini fulani wote ni magaidi, kwamba wakimbizi ni uchafu unaotakiwa kufagiliwa. Wanaofurahi wanaweka alama ya kucheka. Wasiofurahi wanakaa kimya. Je, katika kundi hilo mlinzi ni nani?

Si kila neno kali ni neno la chuki

Kabla ya kujibu swali hilo, ni lazima tujue tunazungumza juu ya nini. Mtu anayeijua Biblia yake anaweza kuniuliza: "Padre, mbona Amosi aliwaita wanawake matajiri wa Samaria ng'ombe wa Bashani? Mbona Bwana wetu mwenyewe alimwita Herode mbweha, na waandishi na Mafarisayo akawaita nyoka?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake linatusaidia.

Amosi (4:1) aliwakemea wanawake wale kwa sababu ya tendo: walikuwa wanawaonea maskini na kuwaseta wahitaji. Yesu (Luka 13:32) alikuwa anamjibu mtawala aliyetaka kumwua, na Mafarisayo aliwaambia hadharani, wakiwepo, makosa yao moja baada ya jingine. Mwenye kuonea anaweza kuacha kuonea. Mnafiki anaweza kutubu. Neno la nabii, hata likiwa kali namna gani, huacha mlango wa toba wazi. Neno la chuki halina mlango huo, kwa sababu linamhukumu mtu kwa vile alivyo: kabila lake, rangi ya ngozi yake, nchi aliyotoka, imani aliyolelewa, ulemavu wake. Atubu nini? Atazaliwa upya na mama mwingine?

Kwa hiyo mwananchi anayeuliza fedha za barabara zimekwenda wapi hajamchukia mtu. Mwamini anayehoji matumizi ya mchango wa parokia hajalichukia Kanisa. Tuwe macho na wale wanaoliita kila swali gumu "maneno ya chuki", kwa maana hao nao wanalitumia vibaya neno hili kujificha.

Wataalamu waliokutanishwa na Umoja wa Mataifa mjini Rabat, Morocco, mwaka 2012 walikubaliana juu ya mambo sita ya kupima kabla ya kusema kwamba maneno fulani ni uchochezi unaostahili adhabu. Nayaeleza kwa lugha yetu ya kawaida. Je, mazingira yakoje: kuna amani, au watu tayari wameshikiana visu? Msemaji ni nani: kijana asiyejulikana, au kiongozi ambaye watu humfuata? Nia yake ni nini? Amesema nini hasa, na kwa namna gani? Maneno yamefika kwa watu wangapi? Na je, kuna uwezekano wa kweli wa mtu kuumizwa kwa sababu yake? Vipimo hivyo vimewekwa kwa ajili ya mahakama, lakini mama wa nyumbani naye anaweza kuvitumia akiwa ameshika simu yake.

Utani nao?

Sisi Watanzania tuna jambo letu la kupima hapa, nalo ni utani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Mtani atakuaibisha mbele ya wakwe zako, atazuia jeneza mlangoni mpaka alipwe, lakini ni yeye huyo huyo atakayeshika jembe kumchimbia baba yako kaburi. Utani ni zawadi ambayo wazee wetu walitupa ili damu iliyomwagika isidaiwe tena, na Mungu apishe mbali tuupoteze.

Lakini utani una nyuso mbili zinazotazamana. Una zamu, leo mimi kesho wewe. Una mpaka unaojulikana. Maneno hayo hayo yakiingizwa kwenye kundi la watu 200, yakasomwa na mtu asiye mtani wako, asiyeuona uso wako wala kukujua, hayabaki kuwa utani. Kipimo chake si kigumu: je, ningeyasema haya mbele yake, akanijibu, kisha tukanawa mikono na kula sahani moja? Kama siwezi, nisijifiche nyuma ya neno "natania tu". Mithali (26:18-19) inamfananisha mtu anayemdhuru jirani yake kisha akasema anatania na mwendawazimu anayerusha mishale ya moto.

Tumeona mwisho wa maneno haya

Wapo wanaosema maneno ni maneno tu, hayavunji mfupa. Yoshua bin Sira (28:17) anafundisha kinyume chake: fimbo huacha alama mwilini, lakini pigo la ulimi ndilo linalovunja mifupa. Na sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kusafiri mbali kumthibitisha.

Nchini Rwanda, redio iliyoitwa RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Watu waliipenda. Ilipiga muziki mzuri, watangazaji wake walitumia lugha ya mtaani na mizaha. Ndani ya mizaha hiyo Watutsi waliitwa inyenzi, yaani mende. Mende haombewi huruma, akionekana hukanyagwa. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, redio hiyo hiyo ilitaja majina ya watu na mahali walipokuwa. Kwa siku zipatazo 100 waliuawa watu zaidi ya 800,000, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki. Nchi hiyo wengi wa raia wake walikuwa wamebatizwa.

Hesabu ya maneno hayo ilitolewa hapa hapa kwetu, Arusha, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda. Mwaka 2000 mtangazaji mmoja wa redio hiyo, raia wa Ubelgiji, alikiri kosa la uchochezi akafungwa miaka 12. Desemba 3, 2003 mahakama iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa RTLM pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini hakuna kati yao aliyebaki na kifungo cha chini ya miaka 30. Kiini cha kesi ile kilikuwa kalamu na kipaza sauti.

Nisiseme ya redio nikaficha ya kwetu. Katika parokia ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, watu wapatao 1,500 walikimbilia kanisani. Aprili 16, 1994 kanisa lile lilibomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani. Padre aliyekuwa akihudumu pale alitiwa hatiani Arusha, na mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ikampa kifungo cha maisha. Alikuwa padre kama mimi, mwenye mikono iliyopakwa mafuta matakatifu. Kumbe daraja takatifu peke yake halimkingi mtu dhidi ya sumu anayokubali kuisikiliza kila siku.

Kwa majirani zetu wa Kenya, watu zaidi ya 1,100 waliuawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Katika Bonde la Ufa watu wa makabila mengine walikuwa wanaitwa "madoadoa". Doa hufutwa. Mwaka 2022 tume ya uwiano na utangamano ya nchi hiyo iliweka neno hilo, pamoja na "kwekwe", katika orodha ya maneno ya kuepukwa kwenye kampeni. Ni Kiswahili chetu safi kabisa, maneno ya kufua nguo na kupalilia shamba, lakini yakielekezwa kwa watu yanageuka kuwa amri.

Na sisi Tanzania tusijione tumebaki salama. Wakati ndugu zetu wenye ualbino walipokuwa wanauawa na kukatwa viungo, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, mtaani walikuwa wakipita watu wanawaita "dili". Neno fupi, la kuchekesha vijana wa kijiweni. Lakini dili ni kitu cha kuuzwa. Kabla ya kufika mwenye panga, ulimi ulikuwa umeshamtoa mtoto yule katika hesabu ya watu na kumweka katika hesabu ya bidhaa. Hivyo ndivyo chuki inavyofanya kazi: kwanza inabadilisha jina la mtu.

Ndiyo maana Kanisa lenyewe halikuona aibu kusafisha lugha yake. Kwa karne nyingi sala ya Ijumaa Kuu kwa ajili ya Wayahudi ilikuwa na neno la Kilatini perfidis, ambalo masikioni mwa watu lilisikika kama kuwaita wahaini. Mwaka 1959 Papa Yohane XXIII aliliondoa. Oktoba 28, 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwa tamko la Nostra Aetate, ulifundisha kwamba Wayahudi wasionyeshwe kama watu waliokataliwa au kulaaniwa na Mungu. Kama Kanisa liliweza kulichunguza neno moja katika sala yake takatifu, mimi na wewe tunashindwaje kuuchunguza ujumbe mmoja kabla ya kuutuma?

Tufanye nini?

Sasa turudi kwenye kundi letu na tuyafuate masomo ya leo hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza, mkono wako usiwe daraja. Mithali (26:20) inatukumbusha kwamba moto ukikosa kuni huzimika. Mwaka 2019 wenye WhatsApp waliweka kikomo duniani kote, ujumbe usisambazwe kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja. Na mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi mno wakauruhusu kwenda kwa mtu mmoja au kundi moja tu kila mara. Nao wameona kwamba uongo na chuki husafiri kwa vidole vya watu wema wanaosema "nimetumiwa kama nilivyoipata". Tena, usiusambaze hata kwa nia ya kuulaani. Ukiandika "oneni upumbavu huu" na kuubandika kwenye makundi manne, umemfanyia mwandishi wake kazi ya bure.

Hatua ya pili, zungumza na aliyeutuma, ninyi wawili. Usimwandikie, mpigie simu au mtembelee, kwa sababu maandishi hayana sauti na hasira hujiongezea yenyewe. Anza na swali: "Kaka, ile habari uliipata wapi? Unaamini ni kweli kwa watu wote wa kabila lile, hata kwa yule shemeji yako?" Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2478) inatualika kuyapokea maneno ya jirani kwa maana iliyo njema kadiri inavyowezekana, na pale yasipopokeleka, tumrekebishe kwa upendo. Wengi waliosambaza chuki hawakuchukia; walikuwa na hofu, au walicheka bila kufikiri. Ukimwaibisha mbele ya watu 200, atatetea neno ambalo akiwa peke yake angeliacha.

Lakini hapa kuna ugumu. Je, ninyamaze hadharani wakati yule aliyetukanwa yumo humo kundini anasoma? Mtakatifu Thoma wa Akwino alilitazama swali hili. Alifundisha kwamba utaratibu wa siri ni kwa ajili ya kosa la siri, kusudi tulinde jina la ndugu. Kosa la hadharani lirekebishwe hadharani, ili waliosikia wasikwazike. Basi fanya yote mawili. Kundini andika sentensi moja au mbili, bila tusi: "Ndugu zangu, maneno haya yanawaumiza wenzetu na si ya Kikristo. Naomba yaondolewe." Baada ya hapo usiendelee kubishana pale. Mazungumzo marefu yapeleke faragha. Ile sentensi moja ina kazi kubwa kuliko unavyodhani, maana waliokuwa wanaogopa watajua hawako peke yao.

Hatua ya tatu, mashahidi wawili au watatu. Kama hasikii, mwone kiongozi wa kundi pamoja na mwenyekiti wa jumuiya. Kila kundi la parokia liwe na kanuni zake, na kiongozi wa kundi ajue kwamba kazi yake haiishii kuongeza majina na kukusanya michango. Ndiye mlinzi wa kwanza.

Hatua ya nne, mtafute aliyeumizwa. Tunapenda sana kumshughulikia mkosaji tukamsahau majeruhi, kama yule kuhani na Mlawi kwenye njia ya Yeriko. Mpigie simu. Mwambie: "Nimeona, na siyo sahihi." Ukimya wetu humwumiza kuliko lile tusi, maana tusi limetoka kwa mtu mmoja, na ukimya umetoka kwa wote.

Hatua ya tano ni ya dharura. Ujumbe ukitaja tarehe, mahali, jina la mtu au familia ya kushambuliwa, au ukiwaita watu wachukue silaha, usianze hatua za polepole. Hifadhi picha ya ujumbe ikionyesha tarehe na namba, toa taarifa polisi na kwa viongozi wa mtaa, wajulishe wanaotishiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayahusu maandishi ya ubaguzi wa rangi na uchochezi wa mauaji ya kimbari. Kutoa taarifa katika hali hiyo siyo usaliti wa ndugu. Ndiyo kazi ya mlinzi wa Ezekieli.

Na ikiwa mtu amekataa kusikia hata Kanisa? Yesu anasema awe kwetu kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Wengi tunasoma hapo ruhusa ya kumfukuza na kumsahau. Lakini aliyeyaandika maneno hayo ni Mathayo, mtoza ushuru aliyeitwa akiwa kwenye meza yake ya kodi. Yeye anajua Bwana aliwatendea nini watoza ushuru: aliingia nyumbani mwao akala nao. Mwondoe kundini, ndiyo, kwa sababu wengine wanastahili ulinzi. Usimwondoe katika sala zako, wala usiache kumsalimu sokoni. Na ukimjibu kwa kulitukana kabila lake, kundi sasa lina watu wawili wanaochukia badala ya mmoja.

Nyange kuna habari nyingine pia. Machi 18, 1997, miaka mitatu baada ya kanisa kubomolewa, watu wenye silaha waliingia usiku katika shule ya sekondari ya hapo hapo. Wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Wanafunzi wakakataa, wakajibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa usiku huo. Wiki sita baadaye, Aprili 30, huko Burundi, vijana 40 wa Seminari Ndogo ya Buta waliuawa baada ya kukataa amri kama hiyo hiyo. Vijana hao walikuwa wamelelewa katika nchi zilizojaa maneno ya chuki. Walikuwa pia na walezi waliowazoesha maneno mengine, chakula cha pamoja na sala ya pamoja, hata saa ilipofika jibu likawa tayari midomoni mwao.

Sisi hatujawekewa bunduki mbele. Tumewekewa simu, na gharama ya kusema "hapana" ni kupoteza rafiki wawili au kuitwa mlokole wa kundi. Wiki hii, kila mmoja wetu afungue makundi yake, asome yaliyotumwa kwa mwezi mmoja, na ajiulize kama kuna jambo ambalo mlinzi alipaswa kulisema. Kisha achague mtu mmoja wa kumpigia simu. Bwana ametuahidi kwamba wakikusanyika wawili au watatu kwa jina lake, yeye yupo katikati yao. Kundi lako lina zaidi ya watatu.